Kijiti Kinachosikia kwa Ubavu

Jumanne, tarehe 5, mwezi wa tatu

Daftari hili nimeagizwa na fundi redio. "Mama," amesema, "kila siku andika umetumia antena gani na umesikia nini. Kichwa kinasahau, karatasi haisahau." Nikamwambia mimi shule niliishia darasa la nne, mwandiko wangu kama kuku amepita kwenye majivu. Akasema, "Afadhali kuku aliyepita kuliko aliyelala." Basi napita.

Habari yenyewe ni hii. Binti yangu, tunayemwita Kinda kwa kuwa alizaliwa mdogo kama kifaranga, amepata kazi kwenye kituo cha redio, mji wa mbali, saa sita kwa basi. Anasoma taarifa ya mvua: mto gani umefurika, daraja gani limefungwa, barabara gani haipitiki. Dakika tano, saa kumi na moja jioni, kila siku. Wamemchukua kwa majaribio msimu huu tu. Mvua zikikatika, mkubwa wao ataamua abaki au arudi nyumbani.

Kituo chao ni kidogo, hakimo kwenye simu. Kinashikwa kwenye masafa ya kati tu. Nikasema si neno, redio tunayo, ile ya marehemu baba mkwe yenye mkoba wa ngozi. Juzi nikaipangusa ing'ae. Ikanitoka mkononi ikaanguka. Nikaiokota, nikaiwasha, ikawaka, nikamshukuru Mungu na sikumwambia mtu.

Jana ilikuwa siku ya kwanza ya Kinda. Nilikaa kitako tangu saa kumi na nusu. Ilipofika saa kumi na moja: shshshsh, kama mafuta ya moto yaliyomwagiwa maji. Mpaka mwisho.

Baadaye simu ikalia. "Mama, umenisikia?"

Nikasema, "Nimekusikia mwanangu. Safi kabisa."

Sijui neno hilo lilitokea wapi. Lilitoka lenyewe, kama chafya.

Leo asubuhi nikaenda kwa fundi. Akafungua redio akanionyesha kijiti cheusi chenye nyaya zilizozungushwa katikati. Kimekatika vipande viwili. "Hii ndiyo antena yako ya masafa ya kati. Imeangushwa?" Nikatazama dari. Akasema, "Dari haijaangusha kitu." Hana kijiti kingine, atatafuta kwenye redio zake zilizokufa. Kwa sasa amenitolea nyaya mbili nje ya redio, nijaribu antena nyingine.

Jumatano, tarehe 6

Nimevuta ile fimbo ya antena iliyo juu ya redio mpaka mwisho. FM za hapa mjini zinapiga kelele kama soko. Kwa Kinda: shshsh.

Amepiga. Nimesema safi.

Alhamisi, tarehe 7

Fimbo. Shshsh. Mvua tangu asubuhi. Nguo hazikauki.

Ijumaa, tarehe 8

Fundi anasema fimbo ya kuvuta ni ya FM, kwa masafa ya kati ni pambo. Nijaribu waya mrefu juu ya bati. Mume wangu ni seremala, ngazi anazo, akapanda na waya begani. Mimi chini nashika ngazi na roho iko juu juu.

"Mama Kinda, acha kutikisa."

"Sitikisi mimi, inatikisika yenyewe."

"Inatikisika kwa sababu unatetemeka."

Waya umesikia. Umesikia kila kitu! Vituo viwili kwa mpigo, mmoja anahubiri mwingine anauza sabuni, na radi za mbali, na cherehani ya wifi yangu, tr-r-r-r-r, kana kwamba anashona ndani ya redio. Waya ni mmbea, unaokota kila kinachopita na kukimwaga mbele yako bila kuchambua. Kinda huenda alikuwemo humo. Sikumpata.

Wifi, dada yake mume wangu, anashona chumba cha pili kutoka sebuleni. Ana sare za shule sitini za kumaliza kabla shule hazijafunguliwa, hivyo cherehani yake ya umeme hailali. Nilimwomba anyamaze dakika tano. Akasema, "Wifi, zikichelewa utakwenda wewe kuwavika wale watoto?" Sikuweza kumwambia kwa nini nataka sana. Ningeanzia wapi? Yeye na kaka yake nimewaambia nasikia, nataka tu isikike vizuri zaidi.

Jumapili, tarehe 10

Radi. Fundi alionya radi ikianza niung'oe waya kwenye redio. Nimeung'oa saa tisa. Nimekaa na redio isiyo na masikio. Kinda amepiga, nimesema safi, na leo nimeongeza: "Sauti yako tamu kama asali." Mungu ananiona.

Jumatano, tarehe 13

Fundi amemchorea mume wangu antena ya fremu. Ni msalaba wa mbao, waya unazungushwa pembeni mara nyingi, upana wake kama dirisha. Mume wangu ameipiga randa mpaka imelainika kama kitanda cha mtoto. Nikamwambia redio haina mashavu. Akasema, "Ni ya binti yangu." Basi. Mtu huyu kwa siku husema maneno kumi, na leo manne yalikuwa hayo.

Jumamosi, tarehe 16

Fremu inasikia! Saa saba mchana nimepata wimbo, kisha mwanamume akataja jina la kituo cha Kinda. Niliruka. Tofauti na waya, fremu haina vurugu, sauti inakuja moja, japo kama inatokea ndani ya mtungi. Lakini ina tabia zake. Unyevu umeingia kwenye mbao, waya umelegea, kila nikigeuka kituo kimehama, inabidi nizungushe upya kitufe cha kutafutia vituo. Na imejaa sebule nzima. Kwenda jikoni tunapita upande upande kama kaa.

Saa kumi na dakika hamsini. Nimeshika kitufe, nimeshika pumzi. Wifi akatoka na mzigo wa vitambaa umemfika machoni. Kra!

Sikupiga kelele. Nililia tu. Wifi akasimama na vile vitambaa, akasema, "Wifi, si mbao tu? Kaka yangu atapiga nyingine." Nikamjibu neno baya. Sitaliandika, huenda Kinda akasoma siku moja. Wifi akaingia chumbani kwake akafunga mlango, na cherehani ikalia mpaka chakula cha jioni kikapoa.

Jumatatu, tarehe 18

Hatusemeshani. Anasema na mume wangu: "Kaka, mwambie mkeo chumvi imekwisha." Mume wangu ananitazama. Namwambia, "Mwambie dada yako nimesikia."

Jumatano, tarehe 20

Leo naandika mengi. Mkono unauma lakini moyo unauma zaidi.

Kinda amepiga mchana, si kawaida yake.

"Mama, jana nilisomaje?"

"Vizuri, kama siku zote. Hukukwama popote."

Nikasema haloo, haloo. Akasema polepole, "Mama, jana sikusoma. Maji yaliingia kwenye mtambo, kituo kilizimwa tangu asubuhi."

Nilikuwa nimekaa, lakini nilitafuta pa kukaa.

"Kwa hiyo siku zote, Mama?"

Nikaanza kueleza redio ilianguka, fundi, kijiti, waya, radi. Yalitoka yote kwa pamoja, kama vile vituo vya juu ya bati. Akanikata. Hajawahi kunikata maneno tangu azaliwe.

"Mkubwa ananiambia sauti yangu inaanguka mwisho wa sentensi. Kila siku ananiambia. Wenzangu wanasema hivyo hivyo. Mimi najiambia wananionea tu, mbona mama anasikia kutoka mbali kote huko na anasema safi? Sijarekebisha kitu, Mama. Wiki mbili na zaidi. Kwa sababu yako."

Kisha simu ikakatika. Nimejiambia ni mtandao. Si mtandao.

Nimewaza alivyokuwa mdogo. Alikuwa anazungumza kama anaomba radhi, nikimtuma dukani mwenye duka anamruka kwa kuwa hamsikii. Mimi nilikuwa namwambia, "Paza sauti, wewe, nani atakusikia?" Nilimwambia mara ngapi? Miaka yote hiyo nikimkaripia ukweli, na siku alipouhitaji nikampa asali.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa siku kumi na sita tu.

Jioni nikagonga mlango wa wifi. Nikamwambia yote, la kuanguka redio na la uongo na lile neno baya. Alikuwa na pini mdomoni. Akazitoa moja moja, akazichomeka kwenye mto wake, ndipo akasema, "Na hii siri ulikuwa umeibeba peke yako humu ndani? Nyumba yenyewe ndogo hivi?" Akanivuta nikakaa juu ya sare za watu.

Ijumaa, tarehe 22

Kinda hapigi. Nikipiga haipokelewi. Mume wangu amempigia kwa simu yake. Alipokea, nikasikia mume wangu akisema "Ndiyo. Ndiyo. Haya." Nikamuuliza anasemaje. "Mzima." Ningempiga na randa.

Jumatatu, tarehe 25

Fundi amepata kijiti. Kimetoka kwenye redio kubwa iliyokufa, ni kirefu, kinazidi kiganja changu na nusu nyingine. Ukikishika ni baridi na kizito kama jiwe la mtoni. Nikadhani chuma. "Si chuma," fundi akasema, "ni unga wenye madini ya chuma uliofinyangwa na kuchomwa, mithili ya chungu. Ndiyo maana ukianguka unavunjika." Akanitazama. Nikatazama dari.

Nikamuuliza, iweje kijiti hiki kifanye kazi ya fremu iliyotujazia sebule? Akanionyesha mfereji wa bati wa jirani. "Mvua inanyesha juu ya paa lote, lakini maji yote yanatokea pale kwenye mdomo mmoja. Kijiti kinayavuta mawimbi hivyo hivyo, kinayakusanya ndani mwake. Fremu yenu ina tumbo kubwa, ikiwa nzima itakizidi nguvu kidogo. Lakini kijiti kinakaa mezani, hakilegei na unyevu, na hakiudhi watu."

Akazungusha nyaya, akazisogeza huku na huku akisikiliza, akazigandisha kwa nta. Kisha akakitia ndani ya kipande cha bomba la plastiki kisivunjike tena, nyaya mbili zikatoka kwenda kwenye redio. "Bomba hili unaligeuza utakavyo," akasema. Kisha mteja akaja na pasi inayomtia shoti, nikaondoka.

Mume wangu amepima kwa jua na kwa barabara ya basi uko wapi mji wa Kinda. Akapiga mstari wa chaki juu ya meza. Nikalaza bomba juu ya mstari, ncha ikimwelekea mwanangu sawasawa, kama kidole.

Shshsh. Na tr-r-r-r ya cherehani.

Jumanne, tarehe 26

Ncha kwa Kinda. Shshsh, cherehani.

Jumatano, tarehe 27

Wifi amezima cherehani kwa hiari yake, dakika tano nzima, amesimama mlangoni na futi shingoni. Shshsh tupu. "Unaona?" akasema. "Nilikuwa nasingiziwa." Tumecheka, lakini mimi nilicheka kwa mdomo tu.

Ijumaa, tarehe 29

Nimesogeza meza ikawa karibu na dirisha. Nimeinyoosha ncha vizuri zaidi, nikafunga jicho moja kama mtu anayelenga shabaha. Shshsh. Fundi hayupo, daraja la kwao limefunikwa na maji. Bila shaka Kinda amelitangaza.

Jumatatu, tarehe 1, mwezi wa nne

Mvua. Ncha kwa Kinda. Hakuna.

Jumatano, tarehe 3

Ngoja niandike polepole nisiruke kitu.

Saa kumi na moja kasoro. Wifi amebakiza sare kumi na mbili na meza yake haitoshi kukatia. Akaja na kitambaa cha bluu, akakitandaza juu ya meza yangu bila kuomba. "Wifi, hiki kidole chako kinanipita katikati ya sketi." Akaligeuza bomba likalala upande, ncha ikautazama mlango wa chumba chake. Nikanyoosha mkono nilirudishe. Yeye keshaingia ndani kumalizia kipande alichokiacha kwenye mashine, na cherehani inalia, tr-r-r-r.

Inalia chumbani. Kwenye redio hailii.

Mkono ukabaki hewani. Redio ilikuwa imenyamaza kama mtu aliyepata usingizi. Kisha katikati ya kimya hicho, mtu akameza mate.

Ninakujua kumeza mate kule. Alikuwa anameza hivyo kabla ya kusoma hesabu kubwa, tangu darasa la pili.

"Mto wa chini umepanda futi kumi na moja," mwanangu akasema. "Daraja la mawe halipitiki."

Nilimwita wifi kwa jina la Mungu. Akatoka mbio akidhani moto. Akasikia. Akashika mdomo. Nikamwambia, rudi, rudi ushone! Akasema una wazimu? Nikasema rudi nijue! Akarudi akashona, nikamsikia kwa masikio yangu akishona, na redio haikuwa na habari naye kabisa. Kinda anasema tu. Daraja. Kivuko. Barabara ya machimbo.

Na kweli, sauti inaanguka. Kila mwisho wa sentensi inashuka, kama mtu anayeweka mzigo chini kabla ya kufika mlangoni. "Halipitiki" imeishia "halipi". Niliandika hapo hapo, pembeni ya gazeti.

Alhamisi, tarehe 4

Fundi amepita majini mpaka magotini akafungua duka. Nikamweleza. Akajipiga paji la uso.

"Mama! Ulikuwa unakielekeza kwa ncha?"

"Nifanyeje, nimpe mwanangu ubavu? Mtu unayemtaka si unamtazama?"

"Antena za televisheni zinaelekezwa hivyo. Hiki, hapana. Kijiti kinasikia kwa ubavu, huku na huku. Kwenye ncha zake ni kiziwi. Ulikuwa unamwelekezea mwanao sehemu yenye uziwi, na cherehani unaipa ubavu mzima."

"Na wifi alipokigeuza..."

"Cherehani ikapata uziwi, mtoto akapata ubavu. Waya wako na ile fimbo haviwezi hivyo, vinapokea kila upande. Hiki kidogo, lakini kinajua kukataa." Kisha akasema kosa ni lake, hakuniambia, alidhani najua. Nikamwambia angalau yeye alidhani. Mimi nilidanganya.

Nyumbani wifi alipoelezwa alishika kiuno. "Kwa hiyo kijiti kinanitazama machoni na hakinisikii? Lo! Hicho si kijiti, hicho ni kaka yangu."

Mume wangu, huko anakokula, akasema, "Eh?"

Tulicheka mpaka wifi akajichoma pini.

Ijumaa, tarehe 5

Kinda hapokei simu yangu. Nikamwomba mume wangu yake. Kinda akapokea, "Baba, shikamoo." Nikasema, "Si baba. Usikate."

Hakukata.

Nikamsomea gazeti langu. "Juzi ulisema mto wa chini umepanda futi kumi na moja, ukameza mate kwanza. 'Halipitiki' uliikata ikaishia 'halipi'. 'Machimbo' ilizama kabisa, nimeijua kwa kukisia. Jana 'kivuko' ulikisema mara mbili, ya pili ndiyo nzuri. Unaanza vizuri, mwanangu, halafu unautua mzigo kabla ya mlango. Mkubwa wako hakuonei."

Nikaongeza, "Na kwa yale mengine unisamehe."

Nikasikia anavuta kamasi. "Machimbo ilizama kweli," akasema. Halafu, "Mama, umenisikia."

"Nimekusikia."

"Tangu lini unasema vibaya hivi?"

"Tangu juzi."

Akacheka. Tulibaki hivyo kwenye simu, yeye huko mimi huku, mpaka salio la mume wangu likaisha.

Jumanne, tarehe 9

Bomba upande. Amebeba mpaka mlangoni sentensi nne katika kumi. Nimemwambia nne.

Ijumaa, tarehe 12

Sita. Ameniuliza, "Sita tu?" Sita tu.

Jumatano, tarehe 17

Mafua yamemshika. Nimemsikia puani mwake. Nimemtumia ujumbe anywe maji ya moto. Kanijibu, "Mama, na hilo nalo limo kwenye kijiti?"

Jumamosi, tarehe 20

Jua leo mchana kutwa. Wifi amekabidhi sare zote sitini, sasa anashona mapazia yetu. Mimi jua hili linanitisha. Mvua zikikatika, mkubwa wao anaamua.

Jumatatu, tarehe 22

Mkubwa anaamua Alhamisi, baada ya taarifa ya mwisho. Sikulala vizuri. Nimefuta meza mara tatu, nimerudisha bomba kwenye mstari. Mume wangu amefuta ule wa zamani, akachora mwingine unaokwenda mlangoni kwa dada yake.

Alhamisi, tarehe 25

Saa kumi na nusu nimekaa. Mume wangu ameacha kazi mapema, akakaa akitazama redio kana kwamba ina sura. Nikaweka ncha kwa wifi, ubavu kwa Kinda.

Saa kumi na moja. Hakumeza mate.

"Mito yote imerudi ndani ya kingo zake," akasema. "Madaraja yote yanapitika." Yanapitika, neno zima, mpaka herufi ya mwisho. Nilikuwa nahesabu kwa vidole, nikaacha. Zote zilifika mlangoni.

Nilipofuta macho ndipo nikatambua nyumba iko kimya. Cherehani imezimwa. Wifi kasimama mlangoni pake, pazia limemning'inia mkononi.

Simu ikalia kabla hatujainuka. Mume wangu aliiweka sauti ya juu. "Nimebaki!" Kinda alipiga kelele. "Mama, nimebaki!" Hiyo nayo haikuanguka popote, ilitoka kwenye simu ikagonga bati. Mume wangu akasema, "Vizuri." Kisha akasema, "Vizuri sana, binti yangu. Nimesikia kila neno." Maneno saba kwa mkupuo.

Tulipotulia nikamwambia wifi, "Hukuwa na haja ya kuzima. Kijiti si hakikusikii?"

"Najua," akasema. "Nimezima ili nisikie mimi."